Povu la Kitaliano na Kijana wa Endabash

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni juma lililopita)

Ndugu msikilizaji, mazungumzo yetu ya juma hili yanahusu kinywaji ambacho wengi wetu tumekiona kwenye picha za harusi za wakubwa, na wachache tumekionja. Ni mvinyo wa Kitaliano wenye povu, na ule unaofahamika zaidi huitwa Prosecco. Najua wapo watakaouliza redio ina kazi gani na pombe ya Wazungu wakati watu wana shida za unga na nauli. Nawaomba wavute subira, kwani habari yenyewe haikuanzia Italia. Ilianzia Endabash, wilayani Karatu.

Endabash ni nchi ya wakulima. Wairaqw wa huko wanalima mahindi, maharage na mbaazi, wanafuga ng'ombe na mbuzi, na mashamba yao yanazidi kuwa madogo kila baba anapowagawia wanawe. Lakini wilaya hiyohiyo ndiyo njia ya kwendea Ngorongoro, na kando ya barabara hiyo, pale Karatu mjini na kuelekea lango la hifadhi, zimejengwa hoteli nyingi za watalii. Kwa hiyo kijana ambaye shamba la nyumbani halikumtosha hushika njia ya Karatu kutafuta kazi ya bustani, ya kufua mashuka, ya jikoni, au, akibahatika na lugha, kazi ya kuhudumia mezani.

Kijana niliyekutana naye alikuwa mmoja wa hao waliobahatika. Alikuja nyumbani kwa mapumziko ya siku nne. Aliniamkia, "Shikamoo mzee," nami nikaitika, tukakaa kivulini, naye akanisimulia kisa chake bila haraka, kama watu wa huko walivyo.

Jioni moja mgeni, mama wa makamo, aliagiza chupa ya Prosecco. Akasisitiza aletewe isiyo na sukari, kwa sababu daktari wake amemkataza vitu vitamu. Kijana akaenda stoo akakuta chupa za aina mbili. Moja imeandikwa Brut, na nyingine imeandikwa Dry. Neno la kwanza hakulijua. La pili alilijua tangu shule ya msingi, kwamba maana yake ni kavu, na hotelini alikuwa amekwisha kusikia wageni wakiuita mvinyo usio na sukari mvinyo mkavu. Akachukua ile ya Dry, akaifungua, akamimina. Mama yule akaonja, akaiweka glasi chini, akasema kwa upole tu kwamba hiki ni kitamu. Chupa iliyokwisha kufunguliwa hairudi stoo. Bei yake ilikatwa kwenye mshahara wa kijana kwa mafungu mawili.

"Mzee," akaniuliza, "kosa langu lilikuwa nini? Neno nililisoma sawasawa."

Ndugu msikilizaji, swali hilo lina jibu, na nitalitoa. Lakini ili jibu lieleweke, hapana budi kwanza tujue povu lile linatoka wapi. Na kwa hilo hatuhitaji kwenda Italia, maana mwalimu yuko kijijini.

Kila aliyekulia shamba anamfahamu mama mpika pombe. Nafaka huloweshwa, huachwa ichipue, huanikwa, husagwa, huchemshwa, kisha huachwa ichachuke. Siku ya pili au ya tatu ukitega sikio kwenye mtungi utasikia mchemko mdogo, kama mvua ya rasharasha juu ya majani makavu. Pombe inapumua. Na mama yule, ambaye pengine hakukanyaga darasa la sayansi, anajua jambo moja ambalo hatalisahau kamwe: pombe ikitiwa kwenye dumu, kifuniko kisikazwe. Dumu likikazwa hutuna kama shavu la mpiga tarumbeta, na usiku wa manane unaweza kusikia mlipuko.

Kinachotokea ni hiki. Chachu ni kiumbe hai, mdogo asiyeonekana kwa macho. Chakula chake ni sukari. Akila sukari hutoa vitu viwili, kilevi na gesi ya kaboni dayoksaidi, gesi ileile inayokwaruza pua unapokunywa soda. Mtungi ukiwa wazi, gesi huenda zake angani na kilevi hubaki. Ndivyo ilivyo kwa mbege ya Kilimanjaro, kwa ulanzi wa Iringa, na ndivyo ilivyo kwa mvinyo wa kawaida wa zabibu, ambao ukifika mezani umetulia, hauna povu. Lakini chombo kikifungwa barabara, nacho kikawa na nguvu za kutosha kutopasuka, gesi haina pa kukimbilia. Inayeyuka ndani ya kinywaji na kukaa humo kimya, ikingoja siku mtu atakapofungua mlango.

Basi mvinyo wa povu ni hilo tu: ni kukaza kile kifuniko ambacho mama wa Endabash anakilegeza. Werevu wote uko katika kupata chombo kisichopasuka.

Wafaransa wa jimbo la Champagne waliitumia chupa yenyewe. Waliimimina mvinyo ndani ya chupa nene, wakatia sukari kidogo na chachu, wakaifunga, wakaiacha ichachuke mara ya pili humohumo. Ni kazi ya miezi mingi, mara nyingi ya miaka, na kila chupa hushikwa kwa mkono au kwa mashine ili kutoa masimbi ya chachu iliyokufa. Ndiyo maana shampeni ni ghali. Mwaka 1895 Mtaliano aitwaye Federico Martinotti, aliyekuwa mkuu wa kituo cha utafiti wa mvinyo mjini Asti, alibuni njia ya kufanya kazi hiyo ndani ya pipa moja kubwa lililofungwa, badala ya ndani ya maelfu ya chupa. Mfaransa Eugène Charmat akaiendeleza mwaka 1907, na hadi leo mataifa hayo mawili yanagombea jina. Huko Italia husema njia ya Martinotti, kwingineko husema njia ya Charmat.

Prosecco hutengenezwa kwa njia hiyo. Mvinyo huingia katika tangi la chuma lililofungwa, pamoja na sukari na chachu, hukaa mwezi mmoja au zaidi, kisha hutiwa kwenye chupa pamoja na povu lake. Kwa kuwa haukai muda mrefu na chachu iliyokufa, hauchukui ile harufu ya mkate uliotoka tanuri ambayo mashabiki wa shampeni wanaisifu. Unabaki na harufu ya tunda lenyewe. Mimi sioni kwamba kimoja ni bora na kingine ni hafifu, ingawa bei hutaka tuamini hivyo. Na nisieleweke kuwa Waitaliano wote hufuata njia ya tangi, maana mvinyo wao uitwao Franciacorta hutengenezwa ndani ya chupa kama ule wa Wafaransa.

Jina Prosecco ni jina la kijiji kilicho karibu na mji wa Trieste, kaskazini-mashariki mwa Italia. Zamani hata zabibu yenyewe iliitwa hivyohivyo. Mwaka 2009 Waitaliano walibadili mambo: zabibu ikaitwa Glera, na jina Prosecco likabaki kuwa la mahali, yaani mikoa tisa ya Veneto na Friuli. Hiyo haikuwa michezo ya maneno. Jina la zabibu haliwezi kuzuiwa. Mkulima wa Australia au Brazili akipanda mche huo angekuwa na haki ya kuandika Prosecco kwenye chupa yake. Jina la mahali linaweza kulindwa kwa sheria. Sasa huuzwa zaidi ya chupa milioni 600 za Prosecco ya kawaida kila mwaka, na vilima vya Conegliano na Valdobbiadene, vinavyotoa ile inayohesabiwa kuwa ya daraja la juu, viliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2019, orodha ileile ambayo Ngorongoro yetu imo tangu mwaka 1979.

Nataka msikilizaji ashike jambo moja zaidi kuhusu Conegliano. Mwaka 1876 ulianzishwa hapo mjini shule ya mvinyo, na miongoni mwa waanzilishi wake alikuwa Antonio Carpenè, mkemia aliyekuwa na kiwanda chake cha mvinyo tangu mwaka 1868. Watoto wa wakulima wa vilima vile walifundishwa kwa nini mvinyo unachacha, kwa nini unaharibika, na jinsi ya kuonja. Hawakuachiwa kubeba tu.

Sasa turudi kwenye chupa iliyomkata kijana mshahara.

Baada ya povu kupatikana, mtengenezaji huamua abakize au aongeze sukari kiasi gani, kisha anaandika kiasi hicho kwenye lebo kwa maneno ya desturi. Maneno haya yalizaliwa zamani, wakati watu wa Ulaya walipokuwa wakinywa mvinyo wa povu mtamu mno, wengine kama sharubati. Kwa ulimi wa wakati ule, kilichokuwa na sukari ya wastani kilionekana kikavu. Ndimi zikabadilika, maneno yakabaki palepale.

Kwa sheria za leo za Ulaya, Brut ni mvinyo wenye sukari chini ya gramu 12 katika lita moja. Extra Dry, ambayo mtu angedhani ni kavu kuliko zote, ina gramu 12 hadi 17. Na Dry ina gramu 17 hadi 32! Yaani kadiri neno linavyodai ukavu, ndivyo utamu unavyoongezeka. Ukichukua kijiko cha chai kuwa gramu nne za sukari, chupa ya Dry inaweza kuwa na vijiko sita, wakati chupa ya Brut haifiki vijiko viwili na nusu, na ile iitwayo Extra Brut ina gramu 6 kwa lita au pungufu. Ni kweli kwamba soda ya kawaida inazipita zote hizo, lakini yule mama hakuagiza soda.

Hivyo kijana alisoma sawasawa, na lebo ilimdanganya. Hata Mwingereza aliyezaliwa na lugha hiyo hudanganyika hapo. Kosa, kama lipo, ni la yule aliyempa ufunguo wa stoo bila kumpa nusu saa ya maelezo. Hoteli inayouza chupa za fedha nyingi namna ile haishindwi kufungua moja kwa mwaka, ikawaita wahudumu wote, wakaonja, wakaambiwa hii ni ipi na ile ni ipi. Hasara ya chupa hiyo ni ndogo kuliko aibu ya mgeni mmoja. Na kama hasara inakatwa kwa mfanyakazi, basi hoteli haina haja ya kumfundisha, maana ujinga wake haiigharimu kitu. Hapo ndipo penye ubaya wa makato hayo.

Nilimwambia kijana kwamba kuonja si kunywa. Waonjaji wa kazi hutema. Mbele yao huwekwa ndoo, na hakuna anayeona haya. Hata mtu ambaye dini yake haimruhusu kutia mvinyo kinywani anaweza kujifunza sehemu kubwa kwa macho na pua. Tahadhari hiyo ni ya lazima, kwani chupa moja yenye kilevi cha asilimia 11 ina kilevi zaidi ya chupa tatu za bia za nusu lita, na povu na ubaridi humfanya mnywaji asitambue.

Glasi inayofaa ni nyembamba kiasi, iliyobana kidogo mdomoni, na isafishwe vizuri, kisha isuuzwe mpaka sabuni iishe, kwa sababu mabaki ya sabuni na mafuta huua povu. Wengi huijaza mpaka juu kama kikombe cha chai ya harusini. Nusu au zaidi kidogo yatosha, ili harufu ipate pa kukaa. Mvinyo uwe wa nyuzi 6 hadi 8 za Selsiasi. Ukiwa wa vuguvugu povu hutoka kwa kishindo na kuisha mara moja. Ukiwa karibu kuganda haunusi kitu.

Kwanza tazama. Rangi ya Prosecco ni ya majani makavu, nyepesi sana. Viputo vipande juu kwa mistari myembamba. Kisha nusa kabla ya kuonja. Vitabu vya huko vinataja tofaa bichi, peasi na maua meupe. Hapa ndipo watu wetu wengi hukata tamaa, wakidhani mvinyo una lugha ya watu wengine. Nilimuuliza kijana harufu gani nyeupe anaijua yeye. Akafikiri, akasema, "Kahawa ikitoa maua." Ndugu msikilizaji, aliyewahi kupita Oldeani au Karatu mashamba ya kahawa yanapochanua baada ya mvua anajua kwamba hilo ni jibu kamili. Mtalii akiambiwa na mhudumu kwamba mvinyo huu unanukia kama maua ya kahawa ya shamba lililo nyuma ya hoteli, atakumbuka sentensi hiyo mpaka kwao.

Halafu weka kidogo ulimini, usimeze upesi. Utahisi mambo matatu, ukali kama wa ndimu, utamu kidogo au mwingi kwa kadiri ya lebo, na mchomo wa povu. Ukali na utamu huvutana. Kwa sababu hiyo mtu asiyezoea anaweza kuonja Extra Dry akaapa haina sukari. Njia ya kujifunza ni kuziweka glasi mbili kando kwa kando, Brut na Dry, ukaonja moja baada ya nyingine. Dakika mbili zinatosha, na hutazisahau tena.

Sasa jambo la hatari. Msukumo wa gesi ndani ya chupa ya namna hii kwa kawaida unazidi mara mbili ule wa upepo katika tairi la gari dogo. Madaktari wa macho wa Marekani huonya kwamba kizibo kinaweza kuruka kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, na watu hupofuka. Kufungua kwa mlio, kama kwenye sinema, ni ushamba. Chupa ishikwe kwa kuinamishwa, shingo ielekee pasipo na mtu, kidole gumba kikae juu ya kizibo tangu waya unapoanza kulegezwa. Waya huzungushwa nusu mzunguko mara sita. Kisha mkono mmoja unashikilia kizibo, mwingine unazungusha chupa, wala si kizibo. Gesi itoke kwa pumzi ndogo tu.

Na kwetu kuna sababu ya kuongeza uangalifu. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko zaidi ya meta 2,200 kutoka usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, haikandamizi sana, na povu hupata uhuru wa kutoka kuliko pwani. Wageni hupenda kunywea ukingoni jioni, kama wale wa maputo ya Serengeti wanavyopokewa na glasi wanapotua asubuhi. Chupa inayopelekwa huko imetikiswa njiani ndani ya gari, pengine na jua limeipata. Chupa kama hiyo ikifunguliwa papo hapo, nusu yake itamwagika na mhudumu atalowa mbele za watu. Ipelekwe ndani ya barafu, iwekwe wima, ipumzishwe kwanza kabla ya kuguswa.

Kijana aliniuliza pia kwa nini wasiuze ya Dodoma. Swali zuri. Dodoma huvunwa zabibu mara mbili kwa mwaka, na mojawapo ya zabibu zake nyeupe ni Chenin Blanc. Zabibu hiyohiyo, huko Vouvray nchini Ufaransa, hutengenezewa mvinyo wa povu unaoheshimika sana. Hombolo kuna kiwanda kilichoanzishwa kwa mtaji wa Kitaliano mwanzoni mwa miaka ya 2000. Basi zabibu ipo, na Mtaliano yupo. Tangi la kukaza kifuniko si siri tena tangu Martinotti. Wenye viwanda wa Dodoma wakipenda kutujibu, kipindi hiki kina nafasi yao.

Kabla hatujaachana alitaka kujua jambo la mwisho. Hotelini kwao, chupa ikibaki nusu, mkuu wa baa huning'iniza kijiko cha chai kwenye shingo yake na kuirudisha kwenye friji, akisema kijiko huzuia povu lisitoke. Je, ni kweli? Nilimwambia kwamba hata Ulaya wapo wanaofanya hivyo, na waliojaribu kupima hawakuona faida yoyote ya kijiko. Kinachosaidia ni ubaridi, kwa sababu kinywaji baridi hushika gesi vizuri zaidi, pamoja na kizibo maalumu chenye kubana, ambacho si ghali. Hivyo mvinyo utafika kesho ukiwa na povu la kuridhisha. Kesho kutwa umetulia, na afadhali upelekwe jikoni ukapikiwe.

Alicheka, akasema atarudi kazini Jumatatu, ila hatamwambia mkuu wa baa habari ya kijiko siku ya kwanza.